Kujiandaa kwa Uchunguzi wa Kawaida wa Afya Ukiwa Dodoma

Anayekwenda kupima afya, iwe katika zahanati ya kijiji wilayani Bahi au katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Dodoma, husubiri kwa muda mrefu na kukaa mbele ya daktari kwa muda mfupi. Kwa hiyo ajiandae tangu nyumbani. Andika maswali yako, ukianza na lile linalokuhangaisha zaidi. Weka pamoja kadi ya bima, kitambulisho, majibu ya vipimo vya zamani na dawa zote unazotumia, zikiwa katika pakiti zake. Dawa za miti shamba nazo zitajwe: wengi huzificha kwa kuogopa kugombezwa, ilhali baadhi yake huongeza au hupunguza nguvu ya dawa za hospitali.

Ukielekezwa kupima sukari kabla ya kula, kaa saa 8 au zaidi bila chakula, ukinywa maji matupu tu. Lakini anayetumia dawa za kisukari aulize kwanza namna ya kufunga.

Baada ya mapokezi na malipo, muuguzi atakupima uzito, urefu, joto, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kipimo hiki cha mwisho huharibika kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Aliyeshuka basi la kutoka Mpwapwa akakimbilia foleni, au aliyekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyopita, anaweza kusomeka ana presha asiyokuwa nayo. Nenda haja ndogo kwanza, pumzika dakika 5, egemeza mgongo, weka nyayo zote mbili sakafuni, mkono ulale mezani usawa wa moyo, na usizungumze wakati mashine inafanya kazi. Ikisomeka 140/90 au zaidi, kwa kawaida hurudiwa siku nyingine kabla ya mtu kuambiwa ana ugonjwa. Usipuuze kurudi kwa sababu unajisikia mzima, kwani presha mara nyingi haina dalili.

Daktari atauliza juu ya magonjwa ya ukoo, pombe, sigara, usingizi na, kwa wanawake, hedhi. Mjibu ukweli, maana maelezo hayo ni siri ya matibabu. Mzee anayejieleza vizuri zaidi kwa Cigogo aende na ndugu anayemwamini, ingawa ana haki ya kuomba sehemu ya mazungumzo ifanyike faragha. Ukitakiwa kuvua nguo, unaweza kuomba muuguzi wa jinsia yako awepo. Mwanamke mwenye umri wa miaka 30 hadi 50 aulize pia kuhusu uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, hata kama hana maumivu yoyote.

Majibu ya maabara yakitoka, yarudishe kwa daktari ayasome nawe, kisha mweleze kwa maneno yako mwenyewe ulivyoelewa dozi na tarehe ya kurudi, ili akusahihishe ukiwa bado mbele yake.