Kumtafuta kasuku wa kijani huku Malindi, anza na masikio

Ukisema kasuku wengi wanawaza yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayeongea ndani ya tundu. Huyo si wa huku pwani. Wetu ni kasuku kichwa-kahawia, mdogo tu, kama sentimita 22 hivi, mwili kijani, kichwa kahawia, macho ya njano, mdomo juu mweusi-mweusi na chini mweupe. Dume na jike wanafanana sana.

Sasa akishatua kwenye majani humuoni tena, kwa hivo usianze na macho. Saa kumi na mbili asubuhi uwe ushafika penye minazi au mibuyu, Gede kwenye magofu ni pazuri, ama pembeni pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, tulia usikilize. Wakiruka wanapiga kelele kali, wawili wawili ama kikundi kidogo, na wakipita juu yako angalia chini ya mbawa, kuna njano inang'aa hata bila darubini, ukiiona hiyo basi ndiye.

Wakianza kula wananyamaza kabisa, na hapa ndo wengi wanakata tamaa wanaondoka. Usiondoke! Tazama chini ya mti, manake kasuku anapasua tunda atoe mbegu, nyama anaiachilia, kwa hivo utaona vipande na maganda yanadondoka. Kwenye mkuyu uliozaa unaweza kumchanganya na ninga, naye ni kijani, lakini ninga anameza tini nzima nzima na miguu yake ni myekundu. Kasuku anashika chakula kwa mguu. Mbali na tini anakula mbegu za migunga, anafyonza maua, na mahindi shambani pia anayapenda, wakulima wanajua.

Kiota ni tundu la mti, mara nyingi lililoachwa na kigong'ota, mayai mawili matatu tu. Ndo maana nawaomba sana mti mkavu wenye tundu msiukate haraka, na makinda msiyatoe, kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 kufuga ndege wa porini bila kibali ni kosa. Ukiwakuta wanaingia na kutoka tundu moja, rudi nyuma mpaka wakusahau, kaa chini, ngoja. Mzazi hataingia kulisha huku umesimama hapo chini.