Kabla mtoto hajazaliwa: utajuaje kama maziwa yanamtosha?

Ukifikisha wiki ya 36 na kanga na nepi zimeshaingia kwenye begi la hospitali, tenga jioni moja kwa jambo lisilomo kwenye orodha ya vitu vya kununua: kujifunza dalili za mtoto anayepata maziwa ya kutosha na dalili za asiyepata. Jifunze pamoja na mtu atakayekaa nawe nyumbani baada ya kujifungua, awe mume, mama au mama mkwe. Siku ya tatu matiti yamejaa, hujalala, mtoto analia na kila anayeingia ana ushauri wake. Huo si wakati wa kuanza kujifunza.

La kwanza kulishika ni kwamba kilio si kipimo cha njaa. Mtoto mchanga hulia kwa baridi, kwa nepi iliyolowa, kwa tumbo, kwa kutaka kubebwa tu. Kibaya zaidi ni upande wa pili: mtoto asiyepata maziwa ya kutosha mara nyingi halii, analala. Ananyonya dakika mbili anasinzia, nguvu zinampungua, na anayesinzia hanyonyi, kwa hiyo maziwa yanazidi kupungua. Wageni wanamsifia, "mashaallah, mtoto mpole huyu," kumbe anakaukiwa maji mwilini. Naomba kila familia inayosubiri mtoto ilijue hili. Katika wiki za mwanzo mtoto anatakiwa anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Akilala mfululizo kwa muda wa saa tatu wakati wa mchana, au kwa muda wa saa nne wakati wa usiku, mwamshe: mvue nguo, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, msugue nyayo, mpe ziwa. Endelea hivyo mpaka arudishe uzito aliozaliwa nao.

Vipimo vya kuaminika ni vitatu: mkojo, choo na uzito.

Nunua daftari dogo na kalamu, viweke karibu na kitanda. Kila nepi inayobadilishwa ipigiwe alama, M kwa mkojo, C kwa choo, na saa yake. Ukiwa na usingizi kumbukumbu hudanganya, daftari halidanganyi. Siku ya kwanza nepi moja iliyolowa inatosha, siku ya pili mbili, siku ya tatu tatu. Mtoto bado anaishi kwa dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya njano, na mnyonyo mmoja wa siku ya kwanza huenda usizidi kijiko kimoja cha chai. Ni kidogo na ndivyo kinavyotakiwa kuwa, kwa sababu tumbo lake nalo ni dogo. Maziwa mengi huanza kushuka kati ya siku ya pili na ya nne. Kuanzia siku ya tano au ya sita tarajia nepi 6 au zaidi kwa saa 24, zimelowa sawasawa, mkojo ukiwa mweupe au wa njano iliyopauka na usio na harufu kali.

Kama utatumia pampasi, fanya jaribio hili mapema. Chukua moja mpya, imiminie maji safi vijiko vitatu vikubwa, kisha ishike mkononi pamoja na nyingine kavu. Linganisha uzito, bonyeza katikati usikie ilivyovimba na kulainika. Uzito huo ndio wa pampasi iliyokojolewa. Mpe na mwenzako aishike, maana pampasi za siku hizi hunyonya maji mpaka juu hubaki kukavu, na watu wengi hudhani mtoto hajakojoa au, vibaya zaidi, hudhani amekojoa wakati ni joto la mwili tu. Nepi za kitambaa hazina shida hiyo, ndiyo maana kwa wiki mbili za mwanzo mimi nazipendelea. Asiyezitaka aweke kipande cha kitambaa laini ndani ya pampasi.

Siku mbili za mwanzo unaweza kukuta doa la rangi ya matofali au ya waridi kwenye nepi. Mara nyingi si damu, ni chumvichumvi za mkojo mzito. Likionekana bado siku ya nne au zaidi, huenda mtoto hapati maziwa ya kutosha; mpeleke akaangaliwe siku hiyohiyo.

Choo nacho hubadilika kwa mpangilio. Kinaanza cheusi na kinata kama lami, siku ya tatu kinakuwa cha kijani, na siku ya nne au ya tano kinatakiwa kiwe cha njano, chepesi, chenye chembechembe, mara tatu au nne kwa siku au hata zaidi. Choo bado cheusi siku ya tano ni dalili kwamba maziwa hayafiki. Baada ya wiki sita hali hubadilika: mtoto anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na ikiwa anakojoa vizuri na anaongezeka uzito, hana tatizo.

Uzito ndio hakimu wa mwisho. Karibu watoto wote hupungua siku za mwanzo, na hilo lisikutishe. Aliyezaliwa na kilo 3.2 akipungua gramu 200 yuko sawa. Akikaribia gramu 320, yaani asilimia 10, anahitaji kuchunguzwa na mnyonyo wake kuangaliwa na mtu anayejua. Anatakiwa awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa kufikia siku ya 10 hadi 14, kisha aongeze kama gramu 20 hadi 30 kwa siku katika miezi mitatu ya mwanzo. Kwa hiyo kabla hujaondoka hospitali hakikisha uzito umeandikwa kwenye kadi, na uulize atapimwa tena lini. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za mwanzo, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Usingoje chanjo ndiyo umpeleke. Apimwe bila nguo, na ikiwezekana kwenye mzani uleule.

Mengine yanayotisha si dalili. Matiti kulainika baada ya wiki kadhaa hakumaanishi yamekauka. Yamezoea kutengeneza kinachohitajika. Kukamua ukapata kidogo hakuonyeshi mtoto anapata kiasi gani, kwani yeye hukamua vizuri kuliko mkono au pampu. Na jioni ambazo anataka ziwa kila nusu saa ni za kawaida, hasa karibu na wiki ya tatu na ya sita. Hivyo ndivyo anavyoagiza maziwa ya kesho.

Kinachostahili kuangaliwa ni mdomo. Mwombe mkunga akuonyeshe kliniki, kabla ya kujifungua, jinsi ya kumpakata na kumweka mtoto kwenye titi: mdomo umefunguka sana, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kimegusa titi, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu kuliko chini. Kisha tazama kidevu. Mtoto huanza na minyonyo ya harakaharaka, halafu inakuwa mirefu, kidevu kinashuka, kinasimama kidogo, unasikia "kh", amemeza. Shavu likitumbukia ndani, au ukisikia mlio wa kubofyabofya, au chuchu ikauma muda wote, mtoe taratibu kwa kupitisha kidole pembeni mwa mdomo, umweke upya. Jifunze pia kukamua kwa mkono na kumlisha kwa kikombe kidogo. Hivyo viwili humsaidia mtoto aliye dhaifu asiyeweza kunyonya.

Suala la maji lizungumzeni nyumbani mapema, hasa anayezaliwa kati ya Desemba na Machi huko Dar, Tanga au Mombasa, joto linapokolea. Atatokea mtu wa kusema mtoto ana kiu. Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 87, na yanatosha kiu na njaa mpaka miezi sita hata penye joto kali. Maji, maji ya sukari au uji mwepesi hujaza tumbo, hupunguza kunyonya, huweza kuleta kuhara, na maji mengi huzimua chumvi mwilini mwa mtoto hadi akapata degedege. Kukiwa na joto, mnyonyeshe mara nyingi zaidi na mpunguzie nguo. Anayehitaji kikombe cha maji ni wewe. Bibi anayetaka kusaidia ana kazi kubwa ya kufanya: akupikie mtori, au uji wa pilipili manga, akubebee mtoto baada ya kunyonya ulale.

Wapo ambao wanahitaji mpango mkali zaidi tangu mwanzo: mama aliyejifungua kwa upasuaji, aliyepoteza damu nyingi, mwenye kisukari, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa titi, wenye mapacha, na mtoto njiti au mwenye manjano, yaani ngozi na macho kuwa ya njano. Kwao maziwa huweza kuchelewa au mtoto kuchoka haraka. Kama ni wewe, mwambie nesi mapema na uombe mtoto apimwe uzito kila baada ya siku moja au mbili mwanzoni.

Mwisho, andikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa lile daftari dalili za kukimbia hospitali bila kungoja asubuhi: anakataa ziwa au hawezi kunyonya; haamki vizuri, au anajongea akiguswa tu; hajakojoa kwa muda wa saa nane, ukiacha siku mbili za mwanzo; mdomo umekauka, macho au utosi umebonyea; joto limefika 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, degedege, manjano ndani ya saa 24 za mwanzo, au yaliyofika viganjani na kwenye nyayo. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi manjano yaangalie mchana, kwenye weupe wa macho na kwenye fizi. Wala usijifariji kwamba utosi haujabonyea, kwani mtoto anaweza kukauka sana na utosi ukaonekana wa kawaida. Hesabu ya nepi ndiyo ya kufuata. Machozi usiyatafute, watoto wengi wachanga bado hawana.

Chini ya orodha hiyo andikeni namba ya dereva wa bajaji au teksi anayekubali kuja usiku wa manane, na jina la kituo chenye daktari saa 24. Mkitoka, chukueni kadi ya kliniki na daftari, na mama aendelee kumnyonyesha njiani ikiwa mtoto anaweza kumeza.