Kuusoma mfano wa Yesu kama walivyousikia watu wa zama zake

Anza na mfano mmoja tu. Hapa tunatumia ule wa vibarua wa shamba la mizabibu, Mathayo 20:1–16: mwenye shamba anaajiri vibarua kwa saa tofauti za siku moja, jioni anawalipa wote ujira ule ule, na walioanza mapema wananung'unika.

Usome mara mbili bila kufungua kitabu cha maelezo, ukipigia mstari kila saa, kila fedha na kila mtu aliyetajwa. Maana ya kiroho iache kwanza. Ukianza nayo, vitu hivi vinakupita.

Kwenye saa, msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani. Wayahudi wa zama zile walihesabu mchana tangu jua kuchomoza, kama sisi. Saa tatu ni ya asubuhi, saa kumi na moja ni jioni, basi usigeuze kitu. Ila wao waligawa mchana mafungu 12 sawasawa, hivyo saa ya majira ya joto ilikuwa ndefu kuliko ya majira ya baridi.

Dinari, sarafu ya Kirumi waliyolipwa vibarua hao, ndiyo inayowapotosha wengi. Huuliza bei ya madini ya fedha leo, wakapiga hesabu ya uzito wa sarafu hiyo, gramu zisizofika 4, wakapata kiasi kisicho na maana. Ipime kwa chakula. Katika Ufunuo 6:6, dinari moja inanunua kibaba cha ngano, yaani posho ya mtu mmoja kwa siku, na hiyo ni bei ya wakati wa njaa. (Biblia ya Kiswahili ya Union Version imeandika pale "nusu rupia", lakini neno la Kigiriki ni lile lile.) Siku za kawaida dinari ilinunua zaidi, ila ilikuwa ndiyo ujira wa kutwa: ukimkata kibarua sehemu yake, nyumbani kwake chakula kinapungua usiku huo huo.

Sasa fungua Torati: Walawi 19:13 na Kumbukumbu la Torati 24:14–15. Kibarua alipwe kabla jua halijatua. Mwenye shamba anayelipa jioni anaishika sheria hiyo. Anayeruka hatua hii huishia kumfanya Yesu mpinzani wa Uyahudi, na wale wanaonung'unika kuwa "Wayahudi", ilhali kila aliyemo kwenye mfano, pamoja na msimuliaji, ni wa Uyahudi huo huo.

Tafuta pia shahidi wa nje. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, katika kitabu cha 20 cha historia yake ya kale ya Wayahudi, anasema ujenzi wa Hekalu ulipokwisha, watu zaidi ya 18,000 walibaki bila kazi, na kwamba aliyefanya kazi hata saa moja alilipwa papo hapo. Ushahidi huu ni mzuri, lakini upime: ni Yerusalemu, si Galilaya, na ni miaka kama 30 baada ya Yesu. Unaonyesha hali ilivyokuwa, hauthibitishi tukio.

Mstari wa 15 unataja jicho ovu. Usikimbilie uchawi. Kumbukumbu la Torati 15:9 inalitumia kwa mtu anayemnyima ndugu yake maskini, yaani choyo, na si mbali na kijicho chetu.

Mwisho angalia mstari wa 16. Msemo wa wa kwanza na wa mwisho uko pia Marko 10:31 na Luka 13:30, pasipo mfano huu. Usome mfano bila mstari huo, kisha rudi Mathayo 19:27, swali la Petro kuhusu watakachopata, uone mwenye shamba anamjibu nini.