Rekodi Imefungwa na Mtumiaji Mwingine: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kufuta Kufuli

Kila mwisho wa mwezi, stoo za hapa Kigoma zinapofunga hesabu, naletewa ombi lile lile: "Nifutie kufuli, rekodi imegoma." Nimeona niandike somo moja ili nisirudie maelezo, na ili kila msimamizi wa mfumo aelewe kwa nini sifuti kwa kuombwa tu. Kufuli ni alama ambayo mfumo huiweka kwenye rekodi ili watu wawili wasiibadilishe kwa wakati mmoja. Mfano wangu ni SAP, programu ya kuendeshea hesabu na stoo.

Kwanza, soma ujumbe wote, kwa maana unataja jina la anayeishika rekodi. Jina likiwa lako mwenyewe, una dirisha jingine lililo wazi, lifunge.

Pili, mpigie simu mwenye jina hilo.

Tatu, asipopatikana, fungua SM12 (SM na namba ni msimbo wa kufungulia skrini ya SAP) uone jedwali, rekodi na saa kufuli lilipowekwa, kisha SM04 uone kama mhusika bado yumo ndani ya mfumo. Makufuli haya hukaa katika kumbukumbu ya seva ya makufuli, wala si katika hifadhidata, kwa hiyo anayeyatafuta katika hifadhidata kama Oracle hatayaona.

Nne, fungua SM13, orodha ya kazi za kusasisha zinazosubiri, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Mtu anapohifadhi hati, mara nyingi SAP haiandiki kila kitu papo hapo, bali huikabidhi kazi hiyo kwa mchakato wa kusasisha, na kufuli hukabidhiwa pamoja nayo. Kufuli la namna hiyo huonekana kwa rangi ya buluu katika SM12, na mwenyewe anaweza kuwa ameshatoka na kwenda nyumbani. Ikiwa usasishaji umesimama, tuseme kwa sababu nafasi ya hifadhidata imejaa, kufuli hilo ndilo pekee linalozuia mtu mwingine asiiguse rekodi ambayo mabadiliko yake bado yako njiani. Ukilifuta, mtu wa pili atabadilisha salio, kisha kazi iliyokuwa ikisubiri itaandikwa juu yake, na hesabu ya stoo itapotoka bila ujumbe wowote wa kosa. Usifute kufuli ambalo kazi yake inasubiri katika SM13. Ondoa kwanza kilichosimamisha usasishaji.

Tano, ikiwa hakuna kinachosubiri, katisha kikao cha mhusika katika SM04. Kufuli litaachiliwa lenyewe. Kufuta katika SM12 ni njia ya mwisho, na uandike jina, saa na sababu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mwanga: Maelezo ni marefu. Nibonyeze wapi lifutike?

Jibu: Soma hatua ya nne, kisha utuandikie ulichokiona katika SM13.

Mwanachama huyo huyo: Sina muda, mzigo wa Kalemie unapakiwa sasa hivi.

Jibu: Mzigo unaopakiwa kwa salio la uongo utakuchelewesha zaidi. SM13, tafadhali.

Mwanachama, Kasulu: Shikamoo mwalimu. Umeme ukikatika, kompyuta ya karani huzimika kabisa. Mbona kufuli linabaki?

Jibu: Marahaba, na nashukuru kwa swali hili. Kompyuta iliyozimika ghafla haikuaga, hivyo seva huendelea kuamini kwamba karani yupo, ila amenyamaza. Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, kwa mpangilio wake wa awali, husubiri sekunde 7,200, yaani saa mbili, kabla ya kuanza kuuliza kama muunganisho ulio kimya bado uko hai, na hata hapo huuliza tu iwapo programu yenyewe imeomba hivyo. Kipindi hicho msimamizi anaweza kukipunguza. Kuiwasha tena kompyuta ya karani hakusaidii, kwa sababu kufuli haliko kwake.

Mwanachama, Kasulu: Basi UPS (betri ya akiba) ya kompyuta za stoo ingetosha?

Jibu: Ingesaidia sana, mradi na swichi ya mtandao iwe na yake, maana swichi ikizimika vikao vyote hukatika kwa pamoja.

Mwanachama, Tabora: Chama chetu cha ushirika kinatumia mfumo uliojengwa juu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Tufuate nini?

Jibu: Utaratibu ni huo huo, ndugu yangu. Tazama pg_stat_activity, orodha ya vikao vilivyo wazi, na kwa mchakato uliokwama tumia pg_blocking_pids kujua nani anauzuia. Mara nyingi utakuta kikao chenye hali ya "idle in transaction", yaani mtu alianza muamala akauacha wazi. Zungumza naye kwanza. Asipopatikana, pg_terminate_backend itakifunga kikao chake na kuufuta muamala ambao haujakamilika. Kisha weka muda katika idle_in_transaction_session_timeout, mpangilio unaokatisha kikao cha namna hiyo, ambao kwa kawaida ni sifuri na haumwondoi mtu yeyote.