Somo: Uliacha shule njiani na sasa unataka cheti cha fani? Anzia hapa

Wazazi na vijana wananiuliza swali moja kila mwaka: "Mwalimu, huyu aliishia kidato cha pili, tumpeleke wapi?" Mimi huwarudishia swali: tangu aache shule, amekuwa akifanya nini?

Nauliza hivyo kwa sababu wengi hupanga safari kwa kuangalia darasa mtu alipoishia. Kijana aliyeshinda gereji miaka minne na mwenzake aliyekaa tu nyumbani wanaweza kuwa wote wameishia la saba, lakini hawapaswi kupita mlango mmoja. Wa kwanza ana mtaji mikononi, na kumrudisha kwenye somo la kushika spana ni kumpotezea muda na ada. Ninayoandika hapa yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar nimeigusa kwenye maswali.

Hatua ya 1: Andika unachojua kufanya

Chukua daftari. Andika kazi zote ulizowahi kufanya kwa mikono yako, hata zile unazoziona ndogo: kusuka nywele, kupika kwa mama lishe, kubeba zege, kushona, kufunga soketi. Mbele ya kila kazi andika ulifanya wapi, chini ya fundi gani na kwa muda gani. Orodha hiyo utaihitaji katika hatua ya 3, basi usiiruke.

Hatua ya 2: Weka karatasi sawa

Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA (wanaosajili vizazi na vifo), kitambulisho cha taifa au namba yake kutoka NIDA kama umefikisha miaka 18, na cheti cha shule kama unacho. Kinachowakwamisha vijana wengi ni majina. Shuleni uliandikwa jina la babu, RITA wakaandika la baba, NIDA ikatoka na herufi nyingine. Soma karatasi zako zote leo, herufi kwa herufi. Zikitofautiana, nenda kwa wakili au mahakamani ukaapishwe upate hati ya kiapo, kisha uulize kila ofisi inataka nini zaidi ili kurekebisha. Fanya hivyo kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, kwa sababu likishafunguliwa siku huenda mbio.

Hatua ya 3: Chagua mlango

*Kama tayari unafanya kazi ya fani.* Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, maana mlango huu haujulikani sana. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Wengi huuita RPL. Mwashi, fundi magari, mchomeleaji, seremala, mpishi au mhudumu wa hoteli aliyejifunzia kazini hupimwa kwa vigezo vya fani yake, na akifaulu hupewa cheti bila kukaa chuoni kama mwanafunzi mpya. Akionekana ana mapengo, hupewa mafunzo mafupi ya kuyaziba.

Nenda chuo cha VETA kilicho karibu, uulize lini watapima fani yako na fomu inapatikanaje. Wakati unasubiri, kusanya ushahidi: picha zako ukiwa kazini, picha za kazi ulizomaliza, barua ya fundi aliyekufundisha au ya wateja wenye namba za simu. Daftari lako la hatua ya 1 linaingia hapa.

Halafu fanya mazoezi ya kusema. Nimeona mafundi hodari wanaofanya kazi safi kabisa, lakini wakiulizwa "kwa nini umeanza na hili?" wanakosa maneno. Mpimaji atakutazama ukifanya na atakuuliza pia. Fundi magari, jizoeze kueleza jinsi ya kutoa upepo kwenye breki, hatua baada ya hatua, na kitu gani kikiachwa kitaleta ajali. Mwashi, eleza unavyotumia timazi na pima maji, na kwa nini ukuta humwagiliwa maji baada ya kujengwa. Usalama kazini huulizwa kila mara, kwa hiyo usiende bila kujua viatu, miwani na glavu ni vya nini.

*Kama unaanza fani mpya.* Omba mafunzo ya muda mrefu VETA. Fani nyingi humpokea aliyemaliza darasa la saba, ingawa zipo zinazotaka kidato cha nne. Matangazo hutoka kwenye nusu ya pili ya mwaka na masomo huanza Januari. Ada ya vyuo vya VETA ni Sh 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na Sh 120,000 kwa wa bweni, kiasi ambacho familia nyingi hukimudu wakijipanga mapema. Kinachowashtua ni vinavyofuata ada: sare, vifaa vya fani, nauli na chakula. Omba orodha kamili ya mahitaji kabla hujalipa chochote. Vyeti viko katika hatua tatu, na waajiri wengi huuliza umefika ya ngapi, hivyo usiridhike na ya kwanza.

*Kama unataka fani pamoja na masomo.* Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, FDC, vipo tangu 1975. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya namna hiyo alipoviona Sweden, na vya serikali sasa ni 54. Arnautoglu iko Dar es Salaam, Bigwa iko Morogoro, na kuna Kisarawe, Newala, Masasi na vingine, vingi vikiwa vijijini ambako VETA haijafika. Mimi navipenda kwa sababu vinampokea mtu jinsi alivyo.

*Kama unataka kurudi kwenye mitihani tu.* Aliyeishia la saba hufanya Mtihani wa Maarifa, QT, na akifaulu anaweza kujisajili mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na ukichelewa unalipa faini. Kama uliacha sekondari katikati, beba matokeo yako ya kidato cha pili uende ofisi za Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, wakuelekeze.

Hatua ya 4: Hakiki chuo

Kwa chuo cha binafsi, omba namba ya usajili, kisha uihakiki NACTVET, baraza la serikali linalosajili vyuo vya ufundi. Tembelea karakana. Kama fundi umeme anafundishwa kwa ubao na chaki tu, ondoka. Malipo kwa simu ya mtu binafsi usiyakubali.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Niliacha kidato cha tatu kwa ujauzito, mtoto ana miaka mitatu. Bado nina nafasi?*

Marahaba mwanangu. Unayo. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 uliruhusu waliokatiza masomo, wenye ujauzito wakiwemo, kurudi shule. Kwa mfumo rasmi muda uliowekwa ni miaka miwili, hivyo kwako njia nzuri ni FDC au TEWW. Ulizia FDC iliyo karibu kama ina programu ya Elimu Haina Mwisho: wanawake vijana husoma sekondari pamoja na fani, na vyuo vina mahali pa kulelea watoto mama akiwa darasani. Usione haya kuulizia malezi ya mtoto siku ya kwanza.

*Kaka yangu anafunga umeme majumbani miaka mingi, wateja wanamjua. Cheti kitamsaidia nini?*

Kitamsaidia kuomba leseni. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndio wanaotoa leseni za ufungaji umeme, na cheti cha fani huangaliwa. Bila leseni, atafunga nyumba nzima halafu itabidi mwenye leseni asaini fomu za kuombea umeme, na huyo atalipwa kwa jasho la kaka yako. Aende kwenye RPL.

*Mwanangu ana miaka 15, hakumaliza hata la saba. VETA watamchukua?*

Mama, kwanza asome na kuhesabu vizuri. Muulize afisa elimu kata kuhusu MEMKWA, mpango wa walioikosa elimu ya msingi, na kuhusu IPOSA, ambao huchanganya kusoma, stadi za maisha na ufundi wa awali kwa vijana walio nje ya shule. Si kila kata ina darasa. Kama yenu haina, uliza kata jirani.

*Sisi wa Unguja na Pemba je?*

Huko ni Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Kuna vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji kwa upande wa Pemba. Hatua ya 1 na ya 2 zifuateni kama zilivyo.

*Nimemaliza ushonaji, cherehani sina.*

Unganeni wahitimu wa chuo chenu, msajili kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii, muombe mkopo wa halmashauri usio na riba. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Chagueni watu mnaoaminiana, kwa sababu deni ni la kikundi kizima.

*Mzee wangu anataka nisome umeme, mimi nataka upishi. Nifanyeje?*

Mwombe ruhusa ukafanye kazi jikoni hotelini au kwa mama lishe kwa mwezi mmoja, ukianza alfajiri kama wao. Ukiumaliza na bado unaupenda, mwende wote wawili chuoni mkaone karakana zote mbili, na yeye azungumze na walimu wa upishi. Wazee wengi hukataa fani wasiyowahi kuiona ikifundishwa.