Dada, nenda kapime mlango wa kizazi: namna ya kujiandaa

Nauza ndizi Mwanjelwa, na wateja wangu wengi ni wanawake wa miaka 30 hadi 50, umri hasa wa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Tunarudia kila baada ya miaka 3. Mwenye VVU huanza mapema zaidi na hurudia kila mwaka.

Kwanza hesabu siku zako. Mimi mara ya kwanza nilifunga genge, nikapanda daladala, kufika hedhi imeanza. Nikaambiwa nirudi damu ikikatika. Siku mbili kabla, usijisafishe ndani kwa sabuni wala ndimu, usiweke dawa ukeni, na usikutane na mume.

Vaa sketi pana, ubebe khanga. Mwezi wa sita na wa saba, kwa baridi yetu ya Mbeya, beba mbili: moja ya kulalia, moja ya kujifunika miguu.

Kituoni ulizia huduma za afya ya uzazi. Ukiona aibu kwa mwanaume, omba nesi wa kike, si kosa.

Kitandani kuna kile kifaa tunachokiita mdomo wa bata. Kinaingia taratibu. Pumua kwa mdomo, uache makalio yalale kabisa kitandani, maana ukijikaza ndipo panauma. Nesi anapaka siki nyepesi kwa pamba, anasubiri dakika moja, anamulika taa. Utasikia kuwasha kidogo tu. Majibu unapewa pale pale.

Pakigeuka peupe, usilie. Mara nyingi ni mabadiliko ambayo bado si saratani, na hutibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, pengine siku hiyo hiyo. Baadaye majimaji yatakutoka wiki kadhaa, na utakaa kama mwezi bila tendo la ndoa. Mweleze mume kabla hujaenda, asije akadhani unamkwepa.

Shangazi yangu wa Rungwe alitokwa damu kila baada ya tendo, akanyamaza mwaka mzima akidhani ni utu uzima. Alipofika hospitali ugonjwa ulishasambaa, tukamzika. Damu ya hivyo haisubiri kampeni ya upimaji. Nenda kesho asubuhi.

Binti wa miaka 9 hadi 14 achanjwe dhidi ya saratani hii, sindano ni moja tu. Akikua naye atapimwa vilevile.

Anayeogopa kwenda peke yake anipitie gengeni. Khanga ya ziada ninayo.