Mtoto Anayesusa: Namna ya Kumjengea Ustahimilivu Nyumbani

Mimi ni mwalimu wa malezi na ushauri nasaha katika shule ya msingi, na malalamiko ninayoyasikia zaidi kwa wazazi ni haya: "Mwalimu, huyu mtoto anasusa." Akikosea hesabu moja anafunga daftari. Akitaniwa na wenzake, kesho yake shule hataki. Akinyimwa kitu, chakula hali. Wazazi huona ni jeuri au kudeka. Mimi mara nyingi naona mtoto ambaye hajafundishwa afanye nini akishaumia, na hilo linafundishika nyumbani kwa vitu vilevile mlivyo navyo.

Hatua ya 1: Mtafutie jina la kinachomuuma

Usianze na "Nyamaza" wala "Kitu kidogo hicho." Kaa naye mkekani, kisha kisia kwa sauti: "Naona kama ulipata aibu walipokucheka. Au ni hasira?" Mpe maneno mawili matatu achague. Hasira na kinyongo ni vitu viwili, na mtoto wa miaka saba anaweza kuvitofautisha akivisikia vikitajwa. Akishajua kusema "Nina kinyongo, dada kapewa kubwa," haja ya kumwaga uji inapungua.

Akikataa kusema, usimlazimishe. Mwambie, "Nipo jikoni, ukiwa tayari njoo," halafu uwepo kweli. Watoto wengi hufunguka mikono ikiwa na kazi. Wangu husema yote tukichambua mchele.

Hatua ya 2: Mzoeze kushindwa mchezoni

Hapa ndipo ninapowasisitizia wazazi kuliko pote. Chimbeni kishimo, wekeni vijiwe kumi, mcheze mdako. Kijiwe kikikuponyoka unampisha mwenzako, kwa hiyo ndani ya robo saa mtoto amekosa mara nyingi na kila mara zamu imemrudia. Drafti na karata pia zinafaa, ila raundi ziwe fupi.

Kabla ya kuanza mpatane: anayefungwa anasema "Umenifunga, tuanze tena," na mshindi hatambi. Ukifungwa wewe, itamke sentensi hiyo kwa sauti ya kawaida, akusikie. Na tafadhali usimwachie ashinde kila siku. Mtoto aliyezoea kuachiwa nyumbani huja kuumia vibaya mbele ya wenzake, mahali ambapo hakuna wa kumwachia.

Akisusa katikati, usimkejeli wala kumbembeleza. Endelea na waliobaki, nafasi yake iacheni wazi. Akirudi, apokewe bila hotuba.

Hatua ya 3: Mpe kazi ambayo nyumba inaitegemea

Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Wengine walikulia katika ufukara na ugomvi wa kila namna nyumbani, lakini karibu theluthi moja ya hao walikuja kuwa watu wazima imara. Kati ya mambo yaliyowasaidia, mawili tunayaweza sote: walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewapenda bila kuyumba, awe bibi, shangazi au jirani, na wengi walikuwa na majukumu ambayo familia iliyahitaji kweli.

Kwa hiyo usimpe kazi ya kumzugia. Wa miaka mitano alishe kuku. Wa minane aloweke maharage kila usiku kabla ya siku ya kuyapika. Wa kumi aende gengeni na arudishe chenji. Akisahau kuloweka, maharage yatachelewa na mkaa utakwisha. Usimpige, wala usiyaloweke wewe kimyakimya. Muulize, "Sasa tufanyeje?" kisha subiri jibu lake, hata kama ni kula mchicha mtupu usiku huo. Kule kusubiri ndiko kugumu kwa mzazi, kwa sababu kuloweka mwenyewe ni dakika moja.

Hatua ya 4: Sifia alichofanya

"Una akili wewe!" tunaisema kwa upendo, lakini inamtega. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio yao na watoto wa shule nchini Marekani: waliosifiwa akili walikata tamaa upesi walipopewa maswali magumu kuliko waliosifiwa bidii, na wengi zaidi wao walidanganya alama walizopata. Sema, "Umerudia mara tatu mpaka ikakubali," au "Uliomba msaada kabla ya kulia."

Pale hatua hizi zisipotosha

Ustahimilivu sio kuvumilia mateso. Mtoto anayepigwa, anayeshikwashikwa mwilini au anayeonewa kila siku haambiwi "vumilia". Anaondolewa kwenye hatari. Vilevile mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena ghafla, asiyekula kwa wiki nzima, au anayesema afadhali afe, huyo hasusi. Mpeleke kituo cha afya au umwone afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Tanzania na Kenya mna pia namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundishe aikariri pamoja na namba yako.